Tazama kulia kwanza: somo juu ya vifo vya barabarani Kampala

Katika somo lililopita tulizungumza juu ya maji ya kunywa. Mara hii tunaacha bomba na kisima, tunakwenda Kampala. Wengi wetu husafiri kwenda huko. Mmoja anapelekwa Mulago kwa matibabu, mwingine ana shughuli ya karatasi zake Old Kampala, mwingine anafuata nguo za mitumba Owino ili aje auze hapa sokoni. Wako pia wenye ndugu Nsambya, Katwe na Kisenyi, ambao huenda kuwaona wakati wa msiba au harusi. Unaondoka hapa mzima, begi lako mkononi, nasi tunapenda urudi hivyo hivyo.

Kwa muda mrefu wafanyakazi wa jamii tumefundisha juu ya malaria, kipindupindu na ukimwi. Juu ya barabara hatukufundisha kitu, kwa sababu watu husema ajali ni mapenzi ya Mungu. Mimi sibishani na Mungu. Lakini jambo linalotokea mahali palepale, saa zilezile, kwa watu wa aina ileile, lina sababu zinazoweza kuchunguzwa, kama tulivyochunguza sababu za kuhara.

Nilianza kufikiri hivyo mwaka jana. Mama mmoja jirani yetu, mwenye watoto wanne, alikwenda Kampala kumwangalia mgonjwa. Aligongwa na gari jioni, pale Bwaise, akiwa anavuka barabara. Hakuwa na karatasi yoyote mwilini, simu yake ilipotea palepale, na ilichukua siku tatu ndugu zake kujua alipo. Waliomwona walisema alitazama upande mmoja, akaona hakuna gari, akakimbia. Watoto wake wako hapa kwa shangazi yao. Tutarudi kwa mama huyu, kwa maana upande aliotazama ndio kiini cha somo hili.

Hesabu ya polisi

Kila mwaka polisi wa Uganda hutoa taarifa ya ajali za barabarani. Mwaka 2022 waliandika vifo 4,534. Mwaka 2023 vikawa 4,806. Mwaka 2024 vikafika 5,144. Gawanya idadi hiyo ya mwisho kwa siku za mwaka, utapata watu 14 kila siku. Wewe uliyepanda taksi za Kampala unajua zinabeba abiria 14. Basi fikiri taksi moja iliyojaa, kila siku, Jumapili na sikukuu pia.

Katika dunia nzima, Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo karibu milioni 1.19 kwa mwaka 2021. Katika kila vifo 10, zaidi ya 9 hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina karibu asilimia 60 tu ya magari yote ya dunia. Afrika ina magari machache, na bado mtu wa Afrika yuko katika hatari kubwa kuliko wote. Shirika hilo linasema pia kwamba kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29, hakuna kinachoua wengi zaidi duniani kuliko barabara. Tembea hapa kambini asubuhi uhesabu wenye umri huo.

Ni nani wanaokufa?

Huko Ulaya, kundi kubwa la wanaokufa barabarani ni watu waliomo ndani ya magari. Kwetu sivyo. Katika taarifa za Uganda, mwaka baada ya mwaka, makundi mawili yanaongoza: wanaotembea kwa miguu na watu wa pikipiki, yaani dereva wa boda pamoja na abiria wake. Makundi hayo mawili kwa pamoja ni zaidi ya nusu ya wote wanaokufa. Wengi ni wanaume, na wengi ni vijana wanaotafuta chakula cha nyumbani. Kwa maneno mengine, wanaokufa ni watu wasio na gari. Ndio sisi.

Sababu yake si ngumu kuelewa. Mwenye gari amezungukwa na bati, ana mkanda, na mara nyingine ana mfuko wa hewa unaojaa mbele yake anapogonga. Mwenye miguu ana shati. Halafu barabara nyingi zilijengwa kwa ajili ya gari, mtu wa miguu akasahauliwa. Tazama Northern Bypass, ile barabara iliyofunguliwa mwaka 2009 ili malori na mabasi yazunguke mji pasipo kuingia katikati. Inapita kati ya mitaa yenye watu wengi sana: Namungoona, Bwaise, Kalerwe, Kyebando. Nyumba ya mtu iko upande huu, soko la Kalerwe liko upande ule. Barabara ilikuja ikapita katikati, lakini haja ya kununua mboga haikuondoka. Kwa hiyo watu wanavuka, akina mama wenye mizigo kichwani, watoto wa shule, na magari yanakuja kwa mbio kwa sababu dereva anaona njia iko wazi. Palipo na daraja la waenda kwa miguu, panda hilo daraja. Najua ni refu na ngazi zinachosha magoti, na najua watu wa mtaa wanapita chini. Wewe panda.

Sisi tuna hatari ya ziada

Sasa turudi kwa yule mama.

Katika Kongo, gari hupita upande wa kulia wa barabara. Katika Burundi na Rwanda ni hivyo hivyo. Sudan Kusini, Sudan, Somalia, Ethiopia na Eritrea, kote ni kulia. (Sudan walihama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1973, ndiyo maana Sudan Kusini nao wako kulia.) Lakini Uganda, Kenya na Tanzania zilitawaliwa na Mwingereza, naye aliacha gari upande wa kushoto. Ukifika mpaka wa Bunagana au Katuna utaona malori yakibadili upande. Dereva anafundishwa kubadili. Ni nani aliyemfundisha abiria aliyeshuka na mtoto mgongoni?

Hesabu nchi nilizozitaja. Karibu wakimbizi wote waliomo Uganda wametoka katika nchi ambamo gari hupita kulia. Kwa hiyo karibu sisi sote tuliingia nchi hii tukiwa na kichwa kilichozoea kugeukia upande usiofaa.

Maana yake ni hii. Kule kwetu, ukisimama ukingoni mwa barabara, gari lililo karibu na wewe linatoka kushoto. Mama yako alikufundisha ukiwa mdogo: tazama kushoto. Shingo imekariri, hata hufikiri. Hapa Uganda gari lililo karibu na wewe linatoka kulia. Ukitazama kushoto utaona barabara tupu, au utaona magari yaliyo upande wa pili, mbali, utasema nina nafasi. Unateremsha mguu, na gari liko kwenye bega lako la kulia.

Mimi mwenyewe lilinipata. Nilikuwa na miaka 19, mara yangu ya kwanza Kampala, nimesimama karibu na Katwe. Nilitazama kushoto kama nilivyofanya maisha yangu yote. Nikashuka. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi akanivuta kwa mkanda wa begi, na taksi ikapita mbele ya magoti yangu. Alinifokea sana kwa Kiganda. Nilikuwa na cheti cha shule ya sekondari ndani ya begi lile lile.

Basi jifunze hivi: simama, tazama kulia, tazama kushoto, kisha tazama kulia tena kabla ya kuteremsha mguu. Ukifika katikati ya barabara, hatari inabadilika, magari sasa yanatoka kushoto. Wewe ambaye umekaa hapa miaka kumi usijidanganye kwamba umezoea. Ukiwa mtulivu utakumbuka. Ukiwa na haraka, au umepigiwa simu ya msiba, shingo hurudia mafunzo ya utotoni. Nadhani ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yetu, kwa sababu alikuwa amekaa Uganda miaka sita.

Jambo la pili la namna hiyo ni kutembea kandokando ya barabara isiyo na njia ya miguu. Hapa tembea upande wa kulia, ili magari yaliyo karibu na wewe yaje yakikutazama usoni. Ukitembea kushoto yanakujia mgongoni, na hutaliona lori lililotoka nje ya lami mpaka likufikie.

Hesabu ya kuvuka

Vijana wa darasa la hesabu, hapa mtanisaidia. Barabara ya kawaida ya lami, yenye njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, ina upana wa meta 7 hivi. Mtu mzima mwenye afya anatumia sekunde 6 kuivuka kwa mwendo wa kawaida. Mzee, au mama mjamzito, atatumia sekunde 8 au 9.

Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mjini, hupita meta 14 katika sekunde moja. Katika sekunde zako 6 limekwenda meta 83. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kwa sekunde, na katika sekunde hizo hizo 6 limekwenda meta 133. Uwanja wetu wa mpira kutoka goli hadi goli hauzidi meta 105. Kwa hiyo gari lililo nyuma kabisa ya goli la mbali, ambalo jicho lako linaliita dogo na la mbali, litakukuta ukiwa bado katikati ya lami. Jicho letu lilizoea kupima mwendo wa baiskeli na wa ng'ombe. Kwa gari linakosea, na watoto wanakosea zaidi, kwa hiyo mtoto mdogo asiachwe apime mwenyewe.

Utasema: dereva atanipigia breki. Kwanza lazima akuone, kisha aamue, kisha mguu ufike kwenye breki. Hiyo ni sekunde moja nzima kwa dereva aliye macho. Halafu gari lenyewe linateleza kabla ya kusimama. Kwa kilometa 50 kwa saa, jumla ni kama meta 28. Kwa kilometa 80, karibu meta 60. Mvua ikinyesha au matairi yakiwa yameisha, ongeza sana.

Na mwendo hauongezi nafasi ya kugongwa tu, unaongeza nafasi ya kufa. Wataalamu wamepima: mtu wa miguu akigongwa na gari lenye mwendo wa kilometa 65 badala ya 50, hatari ya kufa huzidi mara 4 na nusu. Tofauti ya 50 na 65 dereva mwenyewe haioni. Anaona amekanyaga kidogo tu.

Giza

Kampala iko karibu na mstari wa ikweta, hivyo jua huzama karibu saa moja jioni mwezi wowote wa mwaka. Saa hizo ndizo watu wanatoka kazini, soko linafungwa, madereva wamechoka na wana haraka ya kufanya safari moja zaidi, na taa za barabarani katika mitaa mingi haziwaki au hazipo. Yule mama aligongwa saa moja na nusu.

Mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana katika taa za gari zilizoinamishwa akiwa umbali wa meta 25 hadi 30 tu. Linganisha na zile meta 60 ambazo gari la mwendo wa 80 linahitaji ili lisimame. Dereva huyo, hata akiwa mtu mwema na hajanywa pombe, hawezi kukuokoa. Atakuona na atakugonga. Ukivaa shati jeupe, au ukajifunga kitambaa cheupe begani, unaonekana karibu mara mbili ya umbali huo. Tochi ya simu ukiishika chini ikitazama upande wa magari inasaidia pia. Kumbuka hili hasa: wewe unaliona gari kwa sababu lina taa, ukadhani na lenyewe linakuona. Halikuoni.

Kama unaweza kupanga safari yako, fika Kampala mchana na umalize kuvuka barabara kubwa kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Boda

Boda tunazipenda na tunazihitaji, na vijana wengi wa hapa wanataka kuzinunua. Wazee wanaokumbuka watasema zilianza mpakani Busia, kati ya Uganda na Kenya, miaka ya 1960, na zilikuwa baiskeli, zikibeba watu kutoka mpaka hadi mpaka, ndipo jina likatoka. Leo ni pikipiki, na majeruhi wake ni wengi Mulago kiasi kwamba madaktari wa mifupa wanawajua kabla ya kuuliza.

Mtu akianguka kwenye boda, kinachomuua mara nyingi ni kichwa. Mguu ukivunjika utaungwa. Helmeti nzuri hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 70. Sheria ya Uganda inamtaka dereva avae na abiria avae. Lakini tazama mjini: dereva amevaa, au ameitundika kwenye usukani, abiria hana. Uliza kabla ya kupanda, "Una helmeti ya abiria?" Akisema hana, nenda kwa mwingine katika steji ile ile. Boda za kuitwa kwa simu mara nyingi zina helmeti mbili. Wapo wanaoniambia wanaogopa choa na chawa kutoka kwenye helmeti iliyovaliwa na watu mia. Ni haki yao kuogopa. Jifunge kitambaa chembamba kichwani, kisha uivae juu yake. Na mkanda wa kidevuni ufungwe, maana isiyofungwa huruka kwanza halafu kichwa kinafuata.

Abiria ni mmoja. Najua nauli. Najua kwamba mama mwenye watoto wawili hawezi kulipa boda tatu. Lakini pikipiki yenye watu wanne inachelewa kusimama na haigeuki vizuri. Kama ni lazima ubebe watoto, panda taksi, hata kama utazunguka. Shuka upande wa kushoto, ulio na ukingo wa barabara. Upande wa kulia kuna magari yanayopita, na kwa pikipiki nyingi ndiko bomba la moshi liliko, akina dada wengi hapa wana alama yake kwenye miguu.

Dereva akienda mbio mwambie. Maneno ya Kiganda ni machache: "Ssebo, vuga mpola." Maana yake, bwana, endesha polepole. Yafunze watoto wako.

Kampala inagonga, barabara kuu inaua

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Eneo la Kampala na viunga vyake linaongoza Uganda nzima kwa idadi ya ajali. Lakini nyingi kati yake ni za kukwaruzana katika msongamano. Ukihesabu vifo kwa kila ajali, barabara kuu zinazotoka Kampala ni mbaya zaidi: ya Masaka, ya Jinja, ya Gulu, ya Hoima. Hizo ndizo tunazopita kutoka kambini. Kwa hiyo hatari ya safari ya Kampala inaanza saa unapokata tiketi.

Usiku wa kuamkia tarehe 22 Oktoba 2025, katika barabara ya Kampala kwenda Gulu, wilayani Kiryandongo, mabasi mawili yaliyotoka pande mbili yalikuwa yakiyapita magari mengine kwa wakati mmoja. Yalikutana uso kwa uso, muda mfupi baada ya saa sita usiku, na magari mengine yakaingia humo. Polisi kwanza walitaja vifo 63, baadaye wakasahihisha kuwa 46, kwa sababu baadhi ya waliohesabiwa walikuwa wamezirai. Kiryandongo ni wilaya yenye kambi kubwa ya ndugu zetu, na barabara hiyo wanaipita kila wiki.

Tazama mambo yaliyokutana pale: usiku, mwendo, na kupita gari la mbele. Basi linalokwenda 80 likitaka kulipita lori linalokwenda 60, linabaki upande usio wake kwa sekunde nyingi, na kila sekunde basi linalokuja mbele linakaribia kwa jumla ya mwendo wa yote mawili. Gizani dereva anaona taa mbili tu, hawezi kujua ziko mbali kiasi gani. Basi la usiku nauli yake inavutia, na linakuokolea siku ya kazi. Mimi ningekushauri upande la mchana, hata ukilala njaa usiku mmoja kwa ndugu Kampala. Kiti chenye mkanda kikiwepo, funga mkanda, usingoje polisi wa trafiki.

Halafu ipo sauti ya abiria. Katika nchi ya Kenya, watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Georgetown, James Habyarimana na William Jack, walifanya jaribio ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011. Walibandika ndani ya matatu vibandiko vya kuwahimiza abiria wamwambie dereva apunguze mwendo. Madereva waliwekewa bahati nasibu ya kila wiki ili wasivibandue, kwa maana binadamu ni binadamu. Matatu zenye vibandiko zilipata madai ya bima pungufu kwa nusu na zaidi, kulinganisha na zisizo navyo. Hakuongezwa polisi hata mmoja wala tuta hata moja. Abiria walisema, basi.

Sisi wakimbizi hunyamaza ndani ya basi. Tunaona haya kwa sababu ya lugha, tunaogopa kuulizwa wewe ni nani. Lakini tiketi yako ni sawa na ya jirani yako. Anza kwa kumwambia aliye karibu nawe, kisha semeni wawili. Sauti mbili kondakta husikia.

Lori la mafuta likianguka

Hili nalisema kwa ufupi lakini nalisema kwa nguvu. Tarehe 29 Juni 2013, pale Namungoona kwenye Northern Bypass, lori la mafuta lilipata ajali na mafuta yakamwagika. Watu walikuja na madumu, wengi wakiwa vijana wa boda. Moto ulilipuka na zaidi ya watu 30 wakafa. Tarehe 22 Oktoba 2024 likatokea jingine Kigogwa, barabara ya Bombo, na tena watu walikuwa wamekwenda kuchota. Ajali yenyewe haikuwa imeua watu hao. Ukiona lori la mafuta limelala, chukua mtoto wako mkononi na uende upande ule upepo unakotoka, mbali, usirudi kuchungulia.

Ukikuta mtu ameumia

Usimnyanyue kwa mikono na miguu kama gunia la mihogo. Shingo iliyovunjika ikitikiswa, mtu aliyekuwa hai anaweza kupooza. Kama hakuna moto wala magari yanayokuja juu yake, mwache alivyolala, zuia magari, bonyeza kwa kitambaa safi mahali panapotoka damu na usiachie. Piga simu 999 au 112. Andika namba ya gari lililogonga, hata kwa kalamu kwenye mkono wako.

Wengi wetu huogopa kwenda polisi. Lakini pasipo ripoti ya polisi familia haiwezi kudai chochote. Sheria ya Uganda inataka kila gari liwe na bima kwa ajili ya wale linaowaumiza, na haimwulizi aliyeumia alizaliwa wapi. Malipo yake ni madogo, sitawadanganya, lakini yanaweza kulipa sehemu ya dawa. Ukishindwa na karatasi hizo, njoo ofisini kwetu, tutakusindikiza.

Na kabla ya kusafiri, andika kwenye kipande cha karatasi jina lako, jina la kambi, bloku yako, na namba mbili za simu za watu walioko hapa. Usiiweke ndani ya simu wala ndani ya begi, kwa sababu hivyo viwili hupotea kwanza. Itie mfukoni mwa nguo, au ishone ndani ya kiuno cha sketi. Ofisini tunazo karatasi ngumu zilizokwisha kukatwa, ni bure, na asiyejua kuandika ataandikiwa.

Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi, tutakuwa uwanja wa mpira. Tutachora barabara ya meta 7 kwa chokaa, tutapima meta 83 na meta 133 kwa kamba, na kijana mmoja wa boda ameahidi kuleta pikipiki yake. Waalimu watakuja na watoto wa darasa la kwanza hadi la nne. Wazazi nanyi mje, hasa mliofika mwaka huu. Kila mmoja atasimama ukingoni na kugeuza kichwa kulia, mara ishirini, hata kama mtacheka.